Kwa Nini Cheri Hupasuka Mvua Inaponyesha

Miongoni mwa matunda yanayouzwa kwa bei ya juu katika nchi zenye majira ya baridi, cheri tamu ina nafasi ya pekee. Ni tunda dogo la mviringo, lenye kokwa moja katikati na kikonyo kirefu, na aina zake nyingi huiva kwa rangi nyekundu inayokaribia weusi. Cheri nzuri ya sokoni huwa na uzito wa gramu 8 hadi 12 hivi. Mkulima wake hufanya kazi mwaka mzima ili avune kwa siku chache tu, na katika siku hizo adui yake mkubwa ni kitu ambacho wakulima wengine hukiomba usiku na mchana, yaani mvua. Mvua ya saa chache ikiziangukia cheri zilizokaribia kuiva, ngozi zake hupasuka. Tunda lililopasuka halifai kuuzwa kama tunda bichi, na aghalabu huanza kuoza kabla halijatoka shambani. Kwa kuwa cheri huchumwa kwa mkono, na kazi hiyo ni ghali, bustani ambayo kiasi cha robo ya matunda yake yamepasuka huweza kuachwa bila kuvunwa, maana gharama ya kuchuma na kuchambua hupita mapato.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba sababu ya jambo hili ni rahisi: tunda hunywa maji mengi mno, hujaa, kisha hupasuka. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya karibuni umeonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi. Makala haya yanaeleza jinsi tunda la cheri linavyokua, kwa nini ngozi yake ni dhaifu, mambo yanayotokea tone la mvua linapotua juu yake, na njia ambazo wakulima hutumia kujikinga.

Asili ya cheri tamu

Jina la kitaalamu la cheri tamu ni Prunus avium. Mti huu ni wa ukoo mmoja na waridi, na ndugu zake wa karibu ni plamu, pichi, aprikoti na lozi. Katika Afrika pia yuko ndugu yake mmoja wa porini, Prunus africana, mti mkubwa wa misitu ya milimani, ambao huota katika milima kama Kilimanjaro na Kenya, na ambao magome yake huvunwa kwa ajili ya kutengenezea dawa.

Uturuki ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa wingi wa cheri tamu. Marekani huzilima zaidi katika majimbo ya magharibi, hasa Washington, Oregon na California. Chile, iliyoko kusini mwa Ikweta, huvuna kuanzia Novemba hadi Januari, na sehemu kubwa ya mavuno yake hupelekwa China kwa ajili ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Nyingi ya cheri hizo husafiri kwa meli kwa muda wa majuma kadhaa. Ni dhahiri kwamba tunda lenye ufa, hata ukiwa mdogo kama unywele, haliwezi kuistahimili safari ya namna hiyo.

Mcheri haustawi katika nchi za joto kwa sababu unahitaji kupumzika katika baridi. Machipukizi yake hayachanui vizuri mpaka yapitiwe na mamia ya saa za baridi, na aina nyingi huhitaji saa elfu moja au zaidi. Hii ndiyo sababu cheri hazionekani katika mashamba ya Afrika Mashariki, ijapokuwa plamu na pichi, ambazo baadhi ya aina zake huridhika na baridi kidogo, hulimwa katika nyanda za juu kama vile Lushoto.

Tunda hukuaje?

Ili kufahamu chanzo cha nyufa, yafaa kwanza kufuata ukuaji wa tunda tangu ua linapoanguka. Ukuaji huo una vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza, seli za tunda hugawanyika kwa wingi, na tunda bichi la kijani huongezeka ukubwa upesi. Katika kipindi cha pili, ukuaji wa nje hupungua sana. Ndani, kokwa huwa gumu na kiini chake hukua. Katika kipindi cha tatu, ambacho ni cha majuma machache ya mwisho, seli zilizokwisha kufanyika huvimba kwa maji na sukari. Tunda hugeuka kutoka kijani kuwa manjano hafifu, kisha jekundu, na uzito wake huongezeka maradufu na zaidi.

Tatizo limo katika kipindi hicho cha mwisho. Ngozi ya tunda imefunikwa kwa nje na utando mwembamba wenye nta, ambao kazi yake ni kuzuia maji yasipite ovyo. Katika cheri, unene wa utando huo ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita tu. Mmea huutengeneza utando huu wakati tunda lingali changa. Tunda linapoingia kipindi cha tatu, kazi ya kuongeza utando hukoma kwa kiasi kikubwa, ilhali eneo la tunda linazidi kupanuka kila siku. Mfano wake ni mtoto aliyeshonewa kanzu akiwa na umri wa miaka mitano, kisha akalazimishwa kuivaa hiyo hiyo mpaka afikishe miaka kumi. Utando huvutwa kila upande, hukonda, na mwishowe hufanya nyufa ndogo mno zisizoonekana ila kwa darubini.

Nyufa hizo ndogo hutokea hata kama mvua haijanyesha. Hata hivyo, unyevu unaokaa juu ya ngozi, ukiwa ni wa umande, ukungu au hewa yenye mvuke mwingi, huziongeza. Kwa hiyo, cheri iliyo karibu kuiva huwa imekwisha jeruhiwa kabla ya tone la kwanza la mvua kulifikia tunda.

Maelezo ya zamani

Wataalamu wa zamani walianza na jambo ambalo ni la kweli. Cheri iliyoiva ina sukari nyingi. Katika tunda zuri, vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji yake, ambavyo vingi ni sukari, hufika sehemu 16 hadi 20 katika kila mia, au kupita. Maji ya mvua hayana sukari. Maji yenye vitu vichache na maji yenye vitu vingi yanapotengwa na utando mwembamba, maji hupita kuelekea upande wenye vitu vingi. Jambo hili huitwa osmosisi.

Kutokana na hayo, ilifikiriwa kwamba cheri ni kama mfuko uliofungwa. Maji huingia, msukumo wa ndani hupanda, na unapozidi nguvu za ngozi mfuko hupasuka. Mwaka 1931, Verner na Blodgett wa jimbo la Idaho, Marekani, walitoa taarifa ya uchunguzi wao wa kutumbukiza cheri ndani ya maji na kuhesabu zilizopasuka baada ya saa kadhaa. Njia hiyo, pamoja na marekebisho yaliyofanywa baadaye, imeendelea kutumiwa kulinganisha aina za cheri. Matunda 50 hutiwa katika maji yaliyosafishwa, huangaliwa kila baada ya saa mbili, na aina ambayo matunda yake hupasuka mapema hupewa alama kubwa ya udhaifu.

Maelezo ya mfuko yalikuwa na kasoro mbili. Kwanza, kama tunda ni mfuko uliojaa, basi msukumo wa maji ndani ya seli zake ungepaswa kuwa mkubwa. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2014 na Moritz Knoche na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hannover, Ujerumani, vilionyesha kwamba katika cheri iliyoiva msukumo huo ni mdogo sana, mbali kabisa na nguvu ambayo ingetarajiwa kutokana na wingi wa sukari. Pili, maji yakiingizwa ndani ya tunda kwa kupitia kikonyo, bila kuilowesha ngozi, tunda huweza kupokea maji mengi zaidi kabla ya kupasuka kuliko tunda lililozamishwa. Ingekuwa wingi wa maji ndio sababu pekee, njia ambayo maji yamepitia isingeleta tofauti hiyo.

Mshono unaofumuka

Maelezo yaliyotolewa na wachunguzi hao wa Hannover huilinganisha ngozi ya cheri na zipu. Msomaji anaweza pia kufikiria nguo iliyoshonwa, ambayo uzi mmoja ukikatika, mshono wote hufumuka taratibu.

Jambo huanza mahali padogo. Tone la maji hukaa juu ya ngozi penye ufa mdogo wa utando. Kwa kuwa kizuizi kimeharibika mahali hapo, maji hupita kwa urahisi na kuzifikia seli zilizo chini. Seli kubwa za nyama ya tunda, ambazo kuta zake ni nyembamba na maji yake yana sukari nyingi, hunywa maji hayo na kupasuka moja moja. Zinapopasuka humwaga vilivyokuwamo ndani yake, pamoja na asidi ya maliki, ile ambayo hulipa tunda ladha ya uchachu.

Hapo ndipo madhara makubwa huanza. Asidi iliyomwagika hudhoofisha seli za jirani, nazo huvuja. Tena, asidi hiyo huondoa kalisi kutoka katika kuta za seli. Kalisi ni muhimu kwa sababu huishika pamoja pektini, ambayo ni kama gundi inayoziunganisha seli. Kalisi ikipungua, kuta huvimba na kulainika, na seli huachana. Ngozi ambayo tangu awali imevutwa kwa nguvu haina tena kitu cha kuishikilia, na ufa husonga mbele seli kwa seli, mpaka unaonekana kwa macho.

Tofauti kati ya maelezo haya na yale ya zamani si ya maneno tu. Kama tunda lingekuwa mfuko, kinga ingekuwa kupunguza maji yote yanayoingia katika tunda. Kwa kuwa jambo lenyewe ni mshono unaofumuka kuanzia mahali padogo, kinga iliyo muhimu ni kuhakikisha kwamba ngozi haikai na maji kwa muda mrefu, na kwamba utando na kuta za seli vinakuwa imara kabla ya mvua kuja.

Mahali nyufa zinapotokea

Mkulima mzoefu hutambua nyufa za aina tatu. Ya kwanza huzunguka kikonyo, penye kishimo kinachokusanya maji kama kikombe. Ya pili hutokea chini kabisa kwenye ncha ya tunda, ambapo tone la mwisho huning'inia kwa muda mrefu bila kudondoka. Ya tatu hukata ubavuni, nayo mara nyingi huwa ndefu na yenye kina. Nyufa mbili za kwanza huthibitisha yaliyoelezwa: mahali ambapo maji hukawia kukauka ndipo tunda linapopasuka kwanza. Joto nalo huharakisha mambo, kwa kuwa maji hupenya upesi zaidi tunda likiwa na joto kuliko likiwa baridi.

Kila ufa ni mlango. Kuvu wanaosababisha kuoza, hasa wale wa Monilinia na Botrytis, huingia hapo na kuenea hata kwenye matunda mazima yanayogusana na lile lililopasuka.

Ubora na hatari

Katika kilimo cha cheri, karibu kila sifa inayopandisha bei huongeza pia hatari. Mnunuzi hutaka tunda kubwa. Lakini tunda likiwa kubwa, utando wake umevutwa zaidi. Hutaka tunda tamu. Lakini sukari ndiyo inayovuta maji. Hutaka tunda gumu linaloliwa kwa mlio. Lakini aina nyingi zenye nyama ngumu zimeonekana kupasuka kwa urahisi.

Mfano mashuhuri ni aina iitwayo Bing, ambayo ilipatikana mwaka 1875 katika bustani ya Seth Lewelling, huko Milwaukie, Oregon, na kupewa jina la Ah Bing, msimamizi Mchina aliyefanya kazi katika bustani hiyo. Kwa ukubwa, rangi na ladha, Bing ilipata sifa katika soko lote la Marekani. Pamoja na sifa hizo, ni miongoni mwa aina zinazopasuka upesi mno mvua inaponyesha.

Huenda mtu akauliza: kwa nini mkulima asivune mapema akayakimbia mawingu? Ndizi na maembe huchumwa yakiwa hayajaiva, yakaivia ghalani au njiani. Cheri haiko hivyo. Ikishachumwa, haiongezi sukari wala ukubwa. Cheri iliyochumwa mapema itabaki ndogo na isiyo na utamu daima, na mnunuzi aliyeionja mara moja hatairudia. Tena, ni katika siku hizo za mwisho ndipo uzito na utamu huongezeka sana. Mkulima basi hujikuta katika njia panda: akivuna leo, atauza mali duni, akingoja kesho, huenda asiwe na mali ya kuuza.

Njia za kujikinga

Njia iliyo ya hakika zaidi ni kulizuia tone lisifike kwenye tunda. Katika eneo la Hardanger, Norwei, ambako mvua hunyesha mara kwa mara katika majira ya mavuno, bustani nyingi za cheri hufunikwa kwa paa za plastiki zilizotandazwa juu ya nguzo na waya. Jambo lililorahisisha kazi hii ni kupatikana kwa mashina ya kupandikizia yanayodumaza mti, kama vile Gisela 5 kutoka Giessen, Ujerumani. Mcheri wa kawaida ni mti mrefu ambao hauwezi kufunikwa kwa urahisi. Uliopandikizwa juu ya shina la namna hiyo hubaki mfupi. Hata hivyo, paa ni ghali, huweza kung'olewa na upepo mkali, na chini yake hewa huweza kuwa na joto na mvuke mwingi. Paa lisilopitisha hewa vizuri huleta unyevu ule ule uliokusudiwa kuepukwa.

Pasipo na paa, mkulima hujitahidi kuyakausha matunda upesi. Wengine hupitisha kati ya mistari ya miti mashine zenye feni kubwa, zile zinazotumika kunyunyizia dawa, zikiwa hazina dawa. Katika jimbo la Washington, na katika British Columbia, Kanada, wakulima hukodi helikopta, ambazo huruka polepole juu ya bustani mara mvua inapokatika, ili upepo wa mapanga yake uyapukute maji. Ni njia ya gharama kubwa, na ni ya hatari kwa rubani, maana hulazimika kuruka karibu sana na vilele vya miti. Kuwapo kwake kwaonyesha wazi thamani ya mavuno yanayookolewa.

Njia ya tatu ni kuimarisha ngozi kwa kalisi. Katika miaka ya 1930, Leif Verner, mmoja wa wale wachunguzi wa Idaho, alieleza kwamba kunyunyizia maji yenye chumvi za kalisi hupunguza kupasuka. Maelezo ya mshono yanabainisha sababu: kalisi huimarisha gundi ya kuta za seli, na huirudishia ile inayoondolewa na asidi. Kwa nini basi mti usipewe kalisi hiyo kupitia ardhini? Kalisi hupanda pamoja na maji katika mishipa itokayo mizizini, na katika kipindi cha tatu cha ukuaji mishipa hiyo iliyomo ndani ya tunda hukatika kidogo kidogo kwa kuvutwa. Hivyo kalisi ya udongoni hailifikii tunda kwa kiasi cha kutosha wakati inapohitajiwa zaidi. Kunyunyizia nako kuna mipaka yake: kalisi huingia kwa shida kupitia ngozi, kazi hurudiwa mara nyingi, na huacha alama nyeupe juu ya tunda.

Wakulima wengi hunyunyizia pia asidi ya jibereliki, ambayo ni homoni ya mimea, wakati tunda linapogeuka manjano hafifu. Dawa hii hulifanya tunda liwe gumu na huchelewesha kuiva kwa siku kadhaa, jambo linalosaidia kupanga mavuno na safari. Ama katika kuzuia nyufa, matokeo yake yamekuwa yakitofautiana.

Tumaini la muda mrefu limo katika uzalishaji wa aina mpya. Regina, iliyotoka Ujerumani, na Kordia, iliyotoka katika nchi ya Wacheki, hupasuka kwa kiasi kidogo kuliko Bing, nazo zimeenea kwa sababu hiyo. Hata hivyo haijapatikana aina yenye ubora wa sokoni ambayo haipasuki kabisa.

Funzo kwa mkulima wa nyanya

Msomaji wa Afrika Mashariki amekwisha kuona jambo la jamaa na hili katika bustani ya nyanya. Baada ya ukame wa majuma kadhaa, mvua kubwa ikinyesha au mkulima akimwagilia kwa wingi mara moja, nyanya zinazokaribia kuiva hufanya nyufa, nyingine zikizunguka kikonyo kama pete, nyingine zikishuka kutoka kikonyoni kuelekea chini. Lakini yapasa kutofautisha. Katika nyanya, mabadiliko ya ghafla ya maji yanayotoka mizizini yana sehemu kubwa, na ndiyo maana dawa yake ya kwanza ni kumwagilia kwa kiasi kilicho sawa, kutandaza nyasi kavu ili udongo usikauke, na kuchuma nyanya zinapoanza tu kubadilika rangi, kwa kuwa nyanya, tofauti na cheri, huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Anayelima cheri hana nafasi hiyo ya mwisho, na maji anayoyahofia zaidi ni yale yanayokaa juu ya ngozi.

Matunda haya mawili yanafundisha jambo moja. Ufa unaoonekana leo baada ya mvua ulianza kutayarishwa majuma kadhaa kabla yake, pale tunda lilipokua upesi kuliko ngozi yake. Mvua huja kumalizia kazi iliyokwisha kuanzwa. Mkulima anayengoja mawingu ndipo atafute kinga amekwisha kuchelewa; mwenye kuchagua aina inayofaa, kuandaa paa mapema, na kuishughulikia ngozi ya tunda lingali changa, huyo ndiye mwenye nafasi ya kuyaona mavuno yake yakifika sokoni yakiwa mazima.